Jumamosi za Mwanafunzi Mgeni: Matembezi ya Mwanza Kutoka Mabatini

Ndugu msomaji, labda nawe unaye mtoto asomaye mbali, pengine hata nje ya nchi. Umeuza ng'ombe, umeuza pamba au kahawa, umelipa karo, na kila jioni katika sala ya nyumbani jina lake halikosi kutajwa. Kisha siku moja jirani akuletea habari: "Mtoto wako huko aliko, kila Jumamosi yu safarini. Mara kisiwani, mara mlimani." Moyo wako washtuka. Wajiuliza: Je, fedha yangu yaliwa na nauli? Mtoto asoma, au azurura?

Swali hilo ni la haki. Leo tulijibu pamoja kwa kumfuata mwanafunzi mmoja katika safari zake, uone mwenyewe alikwenda wapi, aliona nini, na alirudi na nini.

MGENI WETU

Mwanafunzi huyu ni Mganda, mtoto wa mkulima wa kahawa wa upande wa Masaka. Anasoma katika chuo kimoja cha mjini Mwanza, naye amepanga chumba hapa kwetu Mabatini, ua mmoja na sisi. Mimi huniita Mzee, na mke wangu humwita Mama. Usistaajabu kusikia kwamba Mwanza kuna wanafunzi wa nchi nyingine. Kule Nyegezi palianzishwa chuo cha mafunzo ya kazi za jamii mwaka 1960, wakati wa Askofu Joseph Blomjous, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Juu ya kilima cha Bugando kuna hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo leo ina chuo kikuu cha kufundisha madaktari na wauguzi. Wageni huja.

Basi baba yake alipopata habari za Jumamosi hizo alinipigia simu. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, lakini nilimwelewa vema. Akasema, "Mzee, mimi nimeuza kahawa ya msimu mzima. Huyu kijana amekuja kusoma ama kutembea? Tena nasikia anapanda mitumbwi. Ziwa hilo mimi nalijua."

Nikamjibu, "Mzee mwenzangu, nitakwenda naye mimi mwenyewe, kisha nitakuambia." Ndivyo nilivyoanza kuwa mtalii uzeeni, katika mji nilioishi miaka mingi.

SAFARI ISIYO NA NAULI

Safari ya kwanza hatukulipa hata senti moja. Tulipanda mlima wetu wenyewe. Mabatini iko kando ya barabara ya Nyerere, ile iendayo Musoma, na nyumba zake zimepanda kilimani katikati ya mawe makubwa. Nyumba nyingine imeegemea jiwe kama mtoto mgongoni mwa mama. Akina mama hupanda njia hizo nyembamba na ndoo ya maji kichwani, wala hawamwagi tone.

Kijana akauliza, "Mzee, nani aliyeyapanga mawe haya moja juu ya jingine?" Jibu lake ni hili: hakuna aliyeyapanga. Mawe haya ni ya aina ya granaiti, yaliyoiva chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Baadaye mvua na upepo vilikula udongo uliokuwa juu na kando yake, nyufa zikapanuka, na mawe yakabaki wazi kama mifupa. Ndiyo maana Mwanza huitwa Jiji la Miamba.

Tukashuka mjini kwa miguu hata ufukoni, karibu na kivuko cha Kamanga, tukatazama lile jiwe maarufu lisimamalo majini. Wadachi waliojenga boma hapa mwishoni mwa karne ya 19 waliliita kwa jina la waziri mkuu wao, Bismarck. Bismarck mwenyewe hakufika hapa hata siku moja, lakini jina lake limekaa juu ya jiwe letu hata leo. Kijana akacheka, akasema, "Hata ziwa ni hivyo hivyo." Naam, kweli. Mwingereza Speke aliliona ziwa mwezi wa nane mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Wasukuma na Wakerewe walikuwa wameyanywa maji yake tangu mababu, nao waliliita Nyanza.

KISIWA CHA MZEE SAANANE

Jumamosi nyingine tulikwenda kisiwa cha Saanane. Watu wengi hudhani jina hilo ni la saa ya mchana. Sivyo. Ni jina la mtu, Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akikaa hapo na kuvua samaki na kulima. Mwaka 1964 serikali ilikifanya kisiwa hicho mahali pa kufugia wanyama wa porini ili watu wa mjini wapate kuwaona, na mzee akahama. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni ndogo mno, kilomita za mraba 2 na kidogo tu. Boti kutoka upande wa Capri Point huchukua dakika chache.

Tuliona swala pala, pimbi waotao jua juu ya mawe, kenge, na ndege wa majini wasiohesabika. Mamba wapo pia, kwa hiyo usimruhusu mtoto kuchezea maji. Jambo moja la kukumbuka: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hatozwi kiingilio cha wageni wa mbali. Hulipa kwa shilingi kama mwenyeji, mradi aonyeshe kitambulisho chake. Kijana alikuwa na chake mfukoni, akasalimika na gharama kubwa.

IGOMA NA BUJORA

Ukipanda daladala hapa Mabatini kwenda upande wa Musoma, utapita Buzuruga, utapita Nyakato, utafika Igoma. Hapo tulishuka kwanza. Igoma wamezikwa watu wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, ikitoka Bukoba, ilipokuwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430, lakini siku ile ilikuwa imebeba wengi zaidi. Walikufa mamia na mamia. Kati yao walikuwamo wanafunzi, wafanyabiashara wa ndizi, na akina mama na watoto wao. Tulisimama, tukawaombea, tukaondoka bila kusema neno. Nilimwona kijana akiwaza, nami sikumwuliza.

Tukaendelea hata Kisesa, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu kwenda Bujora. Huko katika miaka ya 1950 alifika Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe. Aliwapenda Wasukuma na mila zao njema, akajenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba za watemi, na mwaka 1968 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Humo zimo ngoma za watemi, viti vyao vya enzi, vyombo vya wahunzi na vya waganga wa mitishamba. Ukija wakati wa Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi mwezi wa sita, utaikuta sherehe ya Bulabo, maana yake maua. Hapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa siku nyingi, na wengine hucheza na chatu shingoni.

Kijana alikaa sana mbele ya zile ngoma. Akasema, "Mzee, kwetu Kabaka naye ana ngoma zake za enzi, Mujaguzo. Nilidhani ni sisi peke yetu." Unaona, msomaji? Mtu aweza kusoma vitabu vingi na bado akadhani ni kwao peke yao.

KAGEYE, UFUKO WA SAFARI KUBWA

Safari hii ndiyo iliyobadili mambo. Kageye ni kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Magu, kwenye Ghuba ya Speke. Ukifika utaona mitumbwi, nyavu, na dagaa walioanikwa. Waweza kupita usijue kuwa umepita mahali pakubwa.

Zamani Kageye ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 27 Februari 1875 alifika hapo Stanley na wapagazi wake waliotoka Bagamoyo, wakiwa wamebeba mashua iliyokatwa vipande vipande. Aliiunga mashua, akaizunguka Nyanza yote. Aliporudi mwezi wa tano alikuta mwenzake, kijana Frederick Barker, amekwisha kufariki. Barker alikuwa karani wa hoteli London, akaacha kazi yake ili aone Afrika, akazikwa Kageye. Wazazi wake hawakupata hata kuliona kaburi.

Sasa sikiliza hili. Mwisho wa mwaka 1878 walifika Kageye Mapadre Weupe wa kwanza, baada ya miezi mingi ya njiani kutoka pwani, wamechoka na homa. Walikuwa watano. Wawili wakatangulia kwa maji: Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans. Waliondoka Kageye mwezi wa kwanza mwaka 1879, na tarehe 17 Februari wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe, katika nchi ya Kabaka Mutesa. Hapo ndipo ulipoanza Ukatoliki wa Uganda.

Kijana wetu alikuwa amekwenda Kigungu kuhiji akiwa mdogo, pamoja na parokia yao. Kila mtoto Mkatoliki wa kwao huijua Kigungu. Lakini mahali pale mapadre walipotokea alikuwa hapajui. Alisimama ufukoni akatazama kaskazini, ambako hakuonekani kitu ila maji. Akauliza, "Walitoka hapa? Hapa hasa?" Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akamjibu, "Ndiyo, hapa hapa. Wazee wetu walisema."

Jioni ile alimpigia simu baba yake akiwa uani kwetu. Waliongea Kiganda, sikuelewa ila majina: Kageye, Mapeera, Kigungu. Mapeera ndilo jina ambalo Waganda walimpa Padre Lourdel. Baba yake hakusema tena habari za kuzurura. Alisema neno moja tu kwangu: "Na maji, Mzee? Anavuka maji?"

UKEREWE, NA ILE BOTI

Basi tukavuka maji. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vilivyo katika maziwa ya Afrika. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua kama saa tatu. Tulikwenda Jumamosi ili turudi Jumapili baada ya Misa.

Kwa nini Ukerewe? Kwa sababu ya mtu mmoja, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya huko Bukoba, kisha akarudi kwao. Aliona kwamba vijana wanaanza kusahau maisha ya wazee wao, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana ingawa walikuwa hawana mtoto. Aliimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 ikachapishwa. Mwaka uliofuata akafariki. Alingoja miaka 35. Mwanafunzi anayelalamika kwamba muhula ni mrefu na amkumbuke mzee huyo.

Kijana alitaka pia kufika kisiwa cha Ukara, ng'ambo kidogo. Tulipofika ufukoni tulikuta boti ya mbao inapakia. Tulilipa nauli, tukaingia. Kumbe watu waliendelea kupanda: magunia, kuku, baiskeli, na watu tena. Kijana akaanza kuhesabu vichwa kimya kimya. Kisha akaomba jaketi la kuokolea. Mwenye boti akamwambia, "Jaketi la nini? Ni pale tu, tazama."

Kijana akasimama, akaniambia, "Mzee, tushuke." Tukashuka. Nauli hatukurudishiwa. Watu waliokuwa ndani wakatucheka: "Mganda mwoga huyo!" Na ukweli wote nikuambie, msomaji: boti ile ilifika salama. Tuliitazama mpaka ikagusa ng'ambo.

Je, alikosea? Mimi nasema la. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka hapo hapo upande wa Bugolora kwenda Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Walikufa zaidi ya 200. Nacho kilikuwa "pale tu". Boti iliyojaa kupita kiasi yaweza kufika mara tisa, na mara ya kumi isifike. Asiyepanda hucheka mwisho, au hacheki, lakini yu hai.

Nilipomsimulia baba yake habari hiyo alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Alishuka mwenyewe? Si wewe uliyemshusha?" Nikamwambia, "Mwenyewe." Akasema, "Basi. Mwache aende. Lakini mwambie mitihani iko karibu."

BUKUMBI NA DARAJA JIPYA

Safari yetu ya mwisho ilikuwa upande wa kusini, Bukumbi, wilaya ya Misungwi. Nayo ni mwendelezo wa Kageye. Maana mwaka 1882 wamisionari wale walipoona hatari katika nchi ya Kabaka, waliondoka wakarudi kusini kwa maji. Mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Mwaka 1885 wakarudi Uganda, na punde baadaye yakaja mateso. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na mwaka 1964 Mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu. Kwa hiyo, msomaji, mtoto wa Masaka anapopiga magoti Bukumbi hayuko ugenini kabisa. Wasukuma na Waganda walipokea imani kwa mikono ile ile, kwa mitumbwi ile ile.

Kutoka hapo si mbali kufika Kigongo. Zamani hapo watu walingoja kivuko kwa saa nyingi, hata gari la wagonjwa lilingoja. Mwezi wa sita mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, likapewa jina la Rais John Magufuli. Gari huvuka kwa dakika chache tu. Kijana alitembea kidogo juu yake, akatazama maji chini. Akasema, "Baba yangu angependa njia hii. Haina boti."

MANENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtoto alisoma, au alizurura? Wewe mwenyewe umemfuata, wajua la kujibu. Lakini ili Jumamosi ziwe na faida wala zisiwe hasara, yashike haya:

1. Karo, pango na chakula kwanza. Nauli hutoka katika kinachobaki. Kijana wetu ana daftari, kila senti ameiandika, na baba yake akitaka kuliona ataliona.

2. Si kila Jumamosi. Yeye husafiri mara mbili kwa mwezi. Zile nyingine ni za kufua nguo na kusoma.

3. Chukua chakula cha nyumbani. Mke wangu alitufungia michembe na matobolwa, viazi vikavu vya Kisukuma. Vyashibisha, wala havina gharama.

4. Kitambulisho na kibali cha Uhamiaji visiachwe chumbani.

5. Usiogelee wala kuoga ziwani hovyo. Kuna kichocho, na mahali pengine kuna mamba.

6. Panda chombo chenye majaketi ya kuokolea, kisichojaza watu kupita kiasi. Ukiona mashaka, shuka. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

7. Aga kabla ya kuondoka. Mwambie mwenye nyumba unakwenda wapi na utarudi lini.

8. Nawe mzazi, usiulize tu, "Umetumia kiasi gani?" Uliza pia, "Umeona nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Baba wa Masaka sasa hupiga simu kila Jumapili jioni kusikiliza, na kahawa ikishauzwa mwaka huu, asema atakuja mwenyewe akaione Kageye. Amekwisha kuniuliza kama yuko mtu wa kumpeleka kwa gari, si kwa maji.